Futi ya fundi cherehani: jinsi ya kuugundua mguu wenye damu iliyoganda wakati huhisi maumivu

Damu ikiganda kwenye mshipa wa ndani ya kigimbi, mtu anayehisi miguu yake ataumwa, atachechemea, ataenda hospitali. Wewe uliyeumia uti wa mgongo, hata kama ni miaka 6 iliyopita, hutapata onyo hilo. Mguu huvimba kimyakimya, na mara nyingi anayegundua kwanza ni yule anayekuvisha soksi.

Hatari ni kubwa zaidi miezi 3 ya mwanzo baada ya ajali, ndiyo maana wodini wengi huchomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Baadaye hupungua lakini haiishi, kwa sababu misuli ya kigimbi ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, na yako haisukumi. Ukilazwa, ukifanyiwa upasuaji, ukipata maambukizi ya mkojo, au kidonda cha makalio kikikulaza wiki 3, hatari hupanda tena. Akina dada, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huongeza. Ongea na daktari kabla ya kuanza.

Hivi ndivyo ninavyowafundisha ninaowafuata majumbani kwa mazoezi.

1. Pima miguu ikiwa mizima

Hatua hii watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Huenda miguu yako haikulingana tangu zamani, na usipojua namba zako, siku ya shida utabaki kukisia.

Pima asubuhi kabla ya kushuka kitandani, maana ukishashinda kwenye kiti mwendo miguu yote miwili hujaa. Nyoosha mguu, papasa chini ya pia ya goti hadi ukutane na kinundu cha mfupa. Shuka sentimita 10 kutoka hapo, weka alama ya kalamu, zungusha futi bila kukaza. Kwenye paja, anza ukingo wa juu wa pia ya goti, panda sentimita 15. Andika tarehe na namba zote nne: "kigimbi kulia 29, kushoto 30.5", na mapaja vivyo hivyo. Rudia kila wiki, siku ileile.

2. Tazama na uguse

Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiutegemee. Angalia ngozi iliyovutika ikang'aa, vena zilizotuna, alama ya soksi iliyozama upande mmoja. Joto lipime kwa mgongo wa mkono. Kama uliumia shingo na vidole havihisi, mwachie mwenzako. Miguu kuanza kukakamaa na kurukaruka kuliko kawaida, au kahoma kasikoeleweka, ni dalili pia. Walioumia pingili ya 6 ya kifua au juu yake wanaweza kupandwa na presha ghafla, kichwa kikagonga na jasho likatiririka usoni. Hiyo ni dharura.

3. Soma namba

Kigimbi kimoja kikizidi kingine kwa sentimita 3 au zaidi, au kikiruka ghafla kutoka namba zako za kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda ikawa ni mfupa uliovunjika wakati wewe unahamia kitandani, kwa kuwa mifupa ya miguu isiyobeba uzito hudhoofika. Nyumbani huwezi kutofautisha, hata mimi siwezi.

4. Usikande

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuta goti la kaka mmoja limevimba, nikaanza kulikunja na kulikunjua nikidhani limekakamaa tu. Mama yake ndiye aliyeniuliza mbona mguu ni wa moto. Niliuacha palepale. Bonge la damu likichomoka husafiri hadi kwenye mapafu, kwa hiyo hakuna maji ya moto, hakuna dawa ya kuchua, hakuna mazoezi ya mguu huo hadi upimwe.

5. Hospitalini, usisubiri kuulizwa

Swali la kwanza huwa "panauma?" Ukijibu hapana, unaweza kurudishwa na vidonge vya kupunguza maji. Anza wewe: "Sihisi miguu. Huu umeongezeka tangu wiki iliyopita, daftari hili hapa. Naomba mishipa ipimwe kwa altrasaundi." Ukipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida ni miezi 3 au zaidi, uvimbe kuisha si ruhusa ya kuiacha.

6. Pumzi ikikata ghafla

Moyo kwenda mbio, kuzimia, kukohoa damu: tafuta gari sasa, usingoje kukuche. Aliyeumia sehemu ya juu ya uti huenda asihisi kifua kuuma hata kidogo.

7. Safari ndefu

Basi la Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na najua wengi wenu huacha maji tangu jana yake kukwepa adha ya mpira wa mkojo njiani. Kujinyima maji huifanya damu kuwa nzito. Kunywa, panga vituo vya kukojoa na dereva au kondakta kabla ya kuondoka, na kila basi likisimama mwenzako akunje na kunyoosha vifundo vya miguu yako. Futi iwe kwenye mkoba wa mkononi, isiende na begi kwenye buti: utaihitaji asubuhi ya kwanza ugenini, ungali kitandani.