Jinsi ya kujua stresi yako inatokea wapi hasa

Watu wengi ukiwauliza una stresi ya nini wanakutajia kitu kikubwa, hela hakuna, mume haeleweki, kazi ngumu, na ukishataja kitu kikubwa hivyo unaishia kukaa tu maana hela huwezi kuileta leo na mume huwezi kumbadilisha leo. Mi nataka nikuonyeshe namna nyingine ya kuitafuta, kwa sababu mara nyingi kinachokumaliza ni vile vitu vidogo vinavyojirudia kila siku hadi umevizoea, na hivyo baadhi yake unaviweza kabisa.

Kwanza elewa mwilini kunatokea nini. Ubongo ukiona hatari, iwe ni boda inakuja kasi upande wako au namba ngeni inapiga na unajua ni mtu wa marejesho anayedai mkopo wake, unafanya kitu kile kile. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni, adrenalini inakuja fasta, kotisoli inafuata, moyo unaenda mbio, presha inapanda, sukari inaongezeka kwenye damu, misuli inakaza, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Hiyo ni nzuri, ndo inakuwezesha kuruka pembeni boda isikugonge. Boda ikishapita mwili unatulia. Sasa mtu wa marejesho hapiti, leo kapiga na kesho atapiga, kwa hiyo mwili unashinda umejiandaa kupigana, na hapo ndo unaanza kuona kichwa kinagonga, shingo imekaza, tumbo linavuruga, usingizi unakatika saa nane usiku, unamfokea mtoto kisa kamwaga maji, unasahau ulichofuata dukani, na kwa wadada hata siku zao zinaweza kuvurugika.

Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal kule Kanada, aliandika kwamba panya wakipigwa baridi, wakichoshwa kupita kiasi au wakipewa sumu kidogo, miili yao inajibu kwa namna ile ile, tezi za juu ya figo zinavimba na tumboni vinatoka vidonda. Baadae mwaka 1967 watafiti Holmes na Rahe wa Marekani wakatoa orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa alama, kufiwa na mwenza 100, talaka 73, na kuoa au kuolewa nako kumo, 50, maana hata jambo la furaha linabadilisha maisha na mwili unalazimika kulizoea. Ila mi utafiti ulionigusa zaidi ni wa 1981, watafiti kina Kanner na Lazarus waliwafuatilia watu wakaona kero ndogo za kila siku zinaeleza dalili za stresi vizuri kuliko yale matukio makubwa. Yani foleni, luku kuisha usiku, jirani na spika yake. Hivyo.

Kwa hiyo cha kufanya, chukua daftari, au noti ya kwenye simu, uende nayo wiki nzima. Usiandike "leo nilikuwa na stresi", hiyo haikusaidii. Andika mwili umefanya nini, saa ngapi, ulikuwa wapi na nani, na kitu gani kilitangulia kama nusu saa kabla. Hata kama unaona ni upuuzi andika tu.

Kuna dada jirani yetu Mbagala anapika vitumbua asubuhi, tumbo lilimsumbua muda mrefu sana, anapewa dawa linatulia halafu linarudi. Nikamwambia aandike. Akaandikia nyuma ya daftari la wateja wanaomdai... samahani, anaowadai yeye, maana ndo daftari analolishika kila siku. Wiki ilipoisha tukakaa kibarazani kwake tukasoma pamoja, tumbo J2 jioni, tumbo J2 usiku, tumbo J3 asubuhi, halafu kimya mpaka Alhamisi. J3 ndo siku ya marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kikundi kinakutana saa nne na ukikosa wenzako wanakulipia huku wanakusema mbele ya watu. Alhamisi ndo siku wifi yake huwa anapiga kuulizia hela ya dawa ya mama mkwe. Na huyu dada miaka yote alikuwa anasema stresi yake ni mume! Alichofanya, kila siku akimaliza kuuza anatoa elfu nne anampa mama wa dukani amtunzie, ikifika J2 hela ya marejesho ipo kamili. Deni ni lile lile, kipato ni kile kile, ila lile tumbo la J2 limepungua sana.

Hapo kuna kitu cha kushika. Mwili unaumia zaidi na jambo usilojua litakuja lini na usilo na namna ya kuligusa, kuliko jambo zito ambalo unajua siku yake na umejipanga. Kwa hiyo ukishasoma daftari lako usianze na tatizo kubwa kuliko yote, anza na lile linalojirudia ambalo unaweza kulipangia siku au kiasi. Wifi anapiga hovyo? Mpigie wewe kabla, mwambie tarehe 5 nitatuma elfu kumi, zaidi ya hapo sina. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Mfuate miezi miwili kabla, ongea nae akiwa hajakasirika. Ada za Januari zinajulikana toka Juni, hata elfu mbili mbili zinapunguza ile presha ya mwisho wa mwaka. Mikopo ya kwenye simu ndo naomba sana muwe makini, kabla hujabonyeza kukubali angalia kama mkopeshaji ana leseni ya BoT, yaani Benki Kuu, maana wale wasio na leseni wengine wanawatumia meseji watu wote kwenye simu yako, mpaka mchungaji wako na bosi wako, na aibu ile inakaa kichwani muda mrefu kuliko deni lenyewe.

Vingine huviwezi. Foleni ya asubuhi huiwezi, kelele za bosi huziwezi. Hapo unasaidia mwili tu utulie. Ukiwa kwenye daladala vuta pumzi taratibu kwa pua, halafu itoe polepole kuliko ulivyoivuta, rudia dakika chache, mapigo ya moyo yanashuka kweli, we jaribu. Tembea kwa mguu vituo viwili jioni. Kahawa na zile enaji drinki acha kuanzia mchana, kafeini inakaa mwilini masaa mengi halafu unalala macho makavu ukidhani ni mawazo. Pombe nayo inakulaza haraka lakini usingizi wake unakatika katika. Simu weka mbali na kitanda, kama kuna mtu wa kukudai atakukuta asubuhi.

Alafu tusidanganyane, sio kila kitu ni stresi. Vidonda vya tumbo vya watu wengi vinaletwa na bakteria wa H. pylori au kumeza meza dawa za maumivu kama diklofenaki, kwa hiyo pima. Moyo kwenda mbio bila sababu, kukonda, kukojoa sana, pima presha, sukari na homoni za tezi ya shingo (thairoidi). Maumivu ya kifua yanayobana usiyasubirie, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na kama wiki mbili zinapita huna hamu na chochote, huli au hulali, ongea na daktari au nesi, huduma ya afya ya akili haipo Mirembe tu, ile hospitali ya akili ya Dodoma, hospitali za mikoa zinatoa. Ukianza kuwaza kujidhuru mwambie mtu leo, yoyote unayemwamini, na asikuache peke yako. Kwa Tanzania namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure, piga uulize kituo kilicho karibu na wewe, na ukienda beba lile daftari, daktari akikuuliza lilianza lini umwonyeshe.