Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele: usiifukizie manukato, isikilize

Mashine ikianza kunuka uvundo, wengi wetu huku ughaibuni tunaongeza sabuni. Isipokoma, tunaongeza dawa ya kulainisha nguo, ile yenye harufu ya maua. Hapo ndipo mashine inapomalizwa. Uvundo ule hautoki kwenye nguo. Ni utando wa mafuta ya mwili, sabuni isiyosuuzika na kuvu, uliojibandika mahali jicho halifiki: ndani ya mikunjo ya mpira wa mlango na, mbaya zaidi, nyuma ya ngoma. Mpira utaufuta kwa kitambaa. Nyuma ya ngoma huwezi, na huko ndiko nilikoumizwa mimi.

Ukifungua mlango unaona ngoma ya chuma yenye matundu. Ngoma hiyo imo ndani ya pipa jingine, siku hizi karibu kila mara la plastiki, linaloshika maji. Kwa nyuma ngoma imebebwa na kishikio cha mikono mitatu, ambacho mara nyingi ni cha alumini, na katikati yake hutoka mhimili unaopita kwenye beringi. Sasa, alumini haielewani na sabuni za kufulia, kwa sababu sabuni hizo zina ukali wa magadi. Ikigusana na chuma kisichoshika kutu penye unyevu, ndiyo kabisa, inaliwa polepole. Utando ukishajaa kwenye vishimo vya mikono ile, unyevu haukauki, hata mashine isipotumika.

Fundi aliponitolea kishikio changu alikilaza juu ya gazeti. Mkono mmoja ulikuwa umekatika karibu na shina. Penye mkatiko palikuwa na ungaunga mweupe, na juu yake ute wa kijivu. Nilipobonyeza mkono wa pili kwa ncha ya ufunguo, ulimeguka.

Waranti ilikuwa bado hai. Kampuni ikakataa. Barua yao ilisema chanzo ni mabaki ya sabuni, yaani matumizi, si kasoro ya kiwandani, na ankara ya fundi ikafuata nyuma. Mashine hiyohiyo ina kitufe cha nyuzi 20 za joto chenye kijani cha kuvutia, na matangazo yake yote yanasifia kuokoa umeme. Agizo la kuizungusha tupu kwa maji ya moto limo kwenye kijitabu, huko nyuma kwenye kurasa za usafi. Wenyeji wa nchi hizi wana tabia hiyo: hawakufichi kitu, kila kitu kimeandikwa. Ila kinachouza mashine kinaandikwa kwa herufi kubwa, na kitakachoiokoa kampuni siku ya ugomvi kinaandikwa kwa herufi ndogo. Mgeni anasoma kubwa. Ndugu yangu, soma ndogo.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: maji baridi siku zote pamoja na sabuni nyingi ndiyo yanayoua mashine hizi. Sikatai kufua kwa nyuzi 30, bili ya umeme naijua. Lakini walau mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa nyuzi 60 au 90, bila nguo, na tumia sabuni ya unga ya nguo nyeupe. Nasema ya unga kwa sababu sabuni ya maji kwa kawaida haina dawa ya kung'arisha ya oksijeni, na hiyo dawa ndiyo inayong'oa utando na kuua kuvu. Hata unga wa nguo za rangi mara nyingi hauna. Soma pakiti.

Na hapa kuna mtego ndani ya mtego. Usichague programu ya eko ukidhani umechemsha. Programu iliyoandikwa eko 40-60 ina maana kwamba unaweza kuchanganya nguo za nyuzi 40 na za nyuzi 60. Haina maana kwamba maji yatafika 60. Inaokoa umeme kwa kufua muda mrefu kwa joto la chini. Chagua pamba 60 ya kawaida, au programu ya kusafisha ngoma kama unayo. Ukigusa kioo cha mlango katikati ya safari na hakina joto lolote, umedanganyika.

Sasa povu. Akina mama na shangazi zetu wakija kututembelea, hawaamini nguo imetakata mpaka waone povu. Wanachungulia kioo, wanaona maji kidogo chini, wanasikitika, wanafungua kidroo na kumimina tena. Kwa heshima zote, shangazi, beseni na mashine hii havifanani. Mashine hii inafua kwa kuinua nguo na kuziangusha kwenye maji machache. Povu likijaa, nguo haziangukii kitu, zinaelea tu, halafu sabuni haisuuziki yote. Kinachobaki ndicho kinachokwenda kujibandika nyuma. Pima kwa kikombe cha sabuni kulingana na ugumu wa maji ya mahali ulipo, yaani wingi wa chokaa iliyomo. Idara ya maji huutangaza ugumu huo. Maji yakiwa laini, sabuni kidogo mno inatosha. Dawa ya kulainisha mimi nimeiacha kabisa. Inaacha utando wake mwenyewe, na mataulo yanakuwa mazito kunywa maji.

Penye maji magumu, chokaa hujijenga kwenye hita. Asidi ya sitriki mara chache kwa mwaka inatosha, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Isikutane kamwe na dawa ya klorini: ikichanganyika na asidi yoyote, hata siki, inatoa gesi ya sumu. Klorini yenyewe sina hamu nayo humo, inakula chuma na mpira.

Mengine ni ya haraka. Baada ya kufua, futa mikunjo ya mpira, hasa ile ya chini yenye vitundu vya kutolea maji, kisha acha mlango na kidroo wazi kidogo (kama una mtoto mdogo ndani, weka kizuizi, watoto huingia humo). Chujio la pampu lifungue kila baada ya miezi michache, bakuli likiwa tayari. Sidiria zenye waya ziingie kwenye mfuko wa wavu. Usishindilie nguo, bakiza nafasi ya kiganja juu. Blanketi moja zito peke yake lisikamuliwe kwa kasi kubwa. Miguu ya mashine iwekwe sawa kwa pima maji.

Kila mwezi ngoma ikiwa tupu, izungushe kwa mkono na usikilize. Mkwaruzo kama wa kokoto ni beringi. Kisha inua ukingo wa juu wa ngoma: ikicheza huku pipa limetulia, kuna tatizo nyuma. Ukilikuta, acha kuitumia siku hiyohiyo, maana kishikio kikikatika katikati ya kukamua, ngoma inapasua pipa na maji yote yako sakafuni.

Kuhusu madai: usianzie kwa mtengenezaji kama nilivyoelekezwa mimi kwa simu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji mwenyewe anawajibika kisheria kwa miaka 2, na katika mwaka wa kwanza mzigo wa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo ulipokabidhiwa mashine ni wake. Uingereza kuna Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015, nayo inamlenga muuzaji, na mzigo huo uko kwake kwa miezi 6 ya kwanza. Muuzaji atakusukuma kwa mtengenezaji kwa lugha tamu. Kataa kwa maandishi. Vipuri navyo, kwa kanuni ya Ulaya iliyoanza Machi 2021, lazima vipatikane kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Mpira wa mlango na kidroo utauziwa hata wewe. Kishikio na beringi vinapitia kwa mafundi, na watengenezaji wanaruhusiwa kuviuza kwa mkupuo pamoja na ngoma.

Ukihama nyumba, rudisha boliti za usafirishaji, zile zinazoshikilia pipa lisitikisike njiani, nyuma ya mashine kabla haijabebwa, na zitoe kabla ya kuiwasha. Ukinunua iliyotumika, ziulizie boliti hizo. Na ukinunua mpya, swali langu la kwanza dukani siku hizi si kasi wala kilo: pipa limeunganishwa kwa skrubu au limeyeyushwa likashikamana? Likiwa limeyeyushwa, beringi ya bei ndogo haibadilishwi bila kununua pipa zima. Muuzaji asipojua, mwambie apige simu aulize, wewe ukisubiri hapohapo.