Usilinganishe mapazia: namna ya kuchagua kati ya Debian, Alpine na ndugu wa BSD

Mwezi wa sita, baridi imenibana hadi nafanya kazi na koti, kijana wa chuo akaingia dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, na laptopu ya RAM GB 4. "Shikamoo fundi. Niwekee Linux, ila ile yenye kashetani kekundu." Marahaba, nikamwambia, lakini hiyo unayoitaka si Linux. Kashetani kale ni ka FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa BSD. Yeye aliona picha mtandaoni, menyu zinafanana, madirisha yanafanana, akajua ni kitu kimoja.

Wengi wanakosea hapo. XFCE, yaani programu inayochora menyu na madirisha, utaikuta ileile juu ya Debian, ambayo ni mfumo wa Linux, juu ya FreeBSD, hata juu ya ndugu yake OpenBSD. Ukilinganisha kwa sura, unalinganisha mapazia ya nyumba ambazo hujaingia.

Mfumo endeshi, kwa jinsi ninavyouelewa mimi, ni kerneli inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa na kuzungumza na vifaa, pamoja na maktaba ya lugha ya C ambayo programu hupitia kuifikia kerneli, pamoja na zana ndogondogo kama sheli inayopokea amri, ls ya kuorodhesha mafaili na cp ya kunakili. Linux aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 ni kerneli peke yake. Ndiyo maana simu yako ya Android ina Linux ndani na bado haifanani na Debian hata kidogo. Fungua mipangilio, nenda "kuhusu simu", utaona toleo la kerneli limeandikwa.

Basi usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Tafuta flashi ya GB 8. Pakua Debian ile inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Inazidi GB 2, kwa hiyo subiri bando la usiku. Ikiwaka, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

uname
ls --version

Ya kwanza itajibu Linux. Ya pili itakutajia GNU, mradi ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Sasa fanya hivyohivyo kwenye Alpine, mfumo mwingine wa Linux: uname inajibu Linux tena, lakini ls inakataa swali na kujitaja kuwa BusyBox, programu moja yenye zana nyingi ndogo ndani yake. Kerneli ni ileile, waliobaki jikoni ni wengine. Kwenye FreeBSD, uname itajibu FreeBSD, na ls itakataa swali bila kutaja GNU wala BusyBox, kwa sababu ni ls yao wenyewe.

Debian ni kama sahani ya mama lishe pale Kabwe: mchele wa Kyela, viazi vya Umalila, parachichi la Rungwe, na sifa ya mama ni kuchagua na kupika vikapatana. FreeBSD, iliyoanza mwaka 1993 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni mkulima anayelima, kusaga na kupika mwenyewe: kerneli na zana za msingi zinatunzwa pamoja na watu walewale. Utakachoongeza baadaye kinakaa /usr/local, mbali na vya msingi. Mimi napenda mpangilio huo kuliko ninavyoweza kueleza. Mkivurugana na programu, unajua pa kufagia.

Kwa leseni sitakuchosha: ya Linux inakutaka ukigawa kazi uliyoibadilisha utoe na msimbo wake, za BSD hazidai hivyo.

Kinachoamua hapa kwetu ni waifai na umeme. Waifai, ijaribu kabla ya kufuta chochote. OpenBSD mara nyingi huhitaji kushusha faili za kadi ya waifai kwa amri ya fw_update, na huwezi kushusha bila intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, utavuka. Umeme je? Ukikatika ghafla, ext4, mpangilio wa mafaili wa Debian kwenye diski, ina daftari la kumbukumbu za kilichokuwa kikiandikwa, husoma na kuendelea. OpenBSD hukagua diski kwanza, na pengine itakusubiri uijibu. FreeBSD ukiiweka kwenye ZFS, mpangilio mwingine wa mafaili, haiandiki juu ya data ya zamani, hivyo hustahimili vizuri, ila ZFS inapenda RAM.

Kwa GB 4 za yule kijana nikaweka Debian na XFCE. FreeBSD iko kwenye mashine yangu ya nyuma, inayotunza mafaili ya wateja, na OpenBSD inalinda mlango wa mtandao wa duka. Kijana aliondoka na kibandiko cha kashetani akakibandika kwenye mfuniko. Wiki iliyofuata akarudi: mama yake, mwanakwaya, amekikwangua kwa kisu. Nikamwandikia FreeBSD kwenye flashi, aanze na hiyo kwanza, diski aiache.