SOMO: Modeli ya mawimbi ya mlipuko wa chini ya ardhi (soma lote kabla ya kuuliza)

Swali ni lilelile kila mara: nitaigaje kwa kompyuta mawimbi ya mlipuko wa chini ya ardhi? Kwa hiyo naweka jibu hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa.

1. Panga tabaka za miamba: kasi ya P (wimbi la kusukuma na kuvuta, hufika kwanza), kasi ya S (wimbi la kutikisa kando, hufuata) na msongamano wa kila moja.

2. Amua masafa ya juu kabisa unayoyataka.

3. Nafasi ya gridi, yaani umbali kati ya nukta ambazo kompyuta inakokotolea mawimbi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Usiipime kwa wimbi P eti kwa kuwa mlipuko "hutoa P tu". Ipime kwa S ya tabaka lililo pole kuliko yote. Kwa S ya mita 500 kwa sekunde na masafa ya Hz 5, urefu wa wimbi ni mita 100. Ukitaka nukta 8 kwa kila wimbi, nafasi ni mita 12.5. Hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na inayofuata) ni kinyume: inaamuliwa na P yenye kasi kuliko zote. P ikiwa mita 6,000 kwa sekunde, hatua ya sekunde 0.001 inafaa. ONYO: ukikosea muda, namba zitafumuka na utajua papo hapo. Ukikosea gridi, programu inanyamaza. Inakupa mkia wa mawimbi wa kuvutia, nawe unauandikia ripoti ukidhani ni jiolojia.

4. Chanzo: ongeza mkazo uleule kwa x, y na z kwenye nukta moja. Mpigo uwe laini, usiwe wa ghafla.

5. Juu uso huru, yaani uso wa ardhi usiokandamizwa na kitu. Pembeni na chini tabaka za kufyonza mawimbi.

6. Kwanza jaribu mwamba wa aina moja, bila uso huru. S isionekane kabisa. Ikionekana, rudi 3 na 4.

MASWALI

– Mkuu, mbona kwangu S inatokea?
– Umefanya hatua ya 6?
– Bado.
– Haya.

– Ya 6 imetoka safi, ila nikiweka uso huru S inakuja. Na rekodi za majaribio ya nyuklia ya Nevada, Marekani, zina S. Inatoka wapi?
– Hilo ndilo swali. P ikigonga uso wa ardhi, sehemu yake hugeuka S. Mipaka ya tabaka nayo hugeuza. Kwenye mlipuko halisi kuna zaidi: mwamba wa juu hunyanyuka ukaanguka tena, na mkazo uliokuwa umejifungia ardhini huachiliwa kama tetemeko. Hata hivyo, kwenye masafa ya juu uwiano wa P kwa S huwa mkubwa kuliko wa tetemeko. Ndivyo wanavyovitofautisha.

– Basi ukubwa wa bomu unasomeka moja kwa moja?
– Hausomeki. Mwaka 1964 huko Mississippi, Marekani, Salmon, jaribio la nyuklia la kilotani 5.3 (nguvu ya tani 5,300 za TNT), ililipuliwa ndani ya chumvi, ikaacha pango. Mwaka 1966 Sterling, kilotani 0.38, ikalipuliwa ndani ya pango hilohilo. Mawimbi yake yalidhoofika takriban mara 70 kuliko kama ingefukiwa ikabanwa na chumvi.

– Gridi inamaliza memori yote.
– Tabaka zako ni bapa? Tumia ulinganifu wa kuzunguka chanzo, pande mbili (2D: umbali na kina) zinatosha. Ila si pande mbili za kawaida: hapo chanzo kinakuwa mstari badala ya nukta.

– Mimi kwenye hatua ya 6 huchora dayavajensi (kutanuka na kubanwa, yaani P) na kuli (kuzunguka, yaani S) ya kasi ya chembe za mwamba, kila moja peke yake. S hata ikiwa ndogo, kwenye kuli haina pa kujificha.
– Nzuri. Naiongeza.