Pumzi kabla ya mlango: umakinifu na kujitunza ndani ya siku ya mwalimu

Ushauri mwingi wa kujitunza humwongezea mwalimu kazi: atafakari nusu saa alfajiri, aandike shajara usiku. Mwenye vipindi sita na rundo la madaftari hujaribu siku tatu, huacha, kisha hujilaumu. Zoezi linalodumu ni fupi, tena hupachikwa kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku: kengele, mlango wa darasa, kufuta ubao.

Umakinifu wenyewe si kufukuza mawazo. Ni kuituliza akili kwenye kitu kimoja kilichopo sasa, mathalani pumzi au nyayo zako, kutambua kwamba imetoroka, na kuirudisha bila kujikaripia. Kule kuirudisha ndiko zoezi. Ikitoroka mara kumi kwa dakika moja ukairudisha mara kumi, hujashindwa hata kidogo.

Dakika moja mlangoni

Simama hatua moja nje ya darasa. Gawa uzito wako sawa kwenye nyayo zote mbili, magoti yasikazwe. Shusha mabega, legeza taya hadi meno ya juu yaachane na ya chini. Kwa walimu wengi mvutano hujificha hapo. Kisha:

1. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo litangulie kujaa kabla ya kifua.
2. Itoe polepole ukihesabu hadi 6.
3. Rudia mara 6. Kama kila hesabu ni sekunde moja, hiyo ni dakika kamili.

Hesabu ya kutoa ni ndefu kwa sababu moyo huenda polepole kidogo kila tunapotoa pumzi, kupitia neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni. Kosa linalojirudia ni kuvuta pumzi kubwa kubwa kwa haraka. Hapo kaboni dioksaidi hupungua mno katika damu, na unapata kizunguzungu au ganzi ya vidole. Ikitokea, acha kuhesabu na upumue kawaida. Ukirudi tumia 3 na 4, kwa pumzi ndogo.

Wiki ya kwanza chagua kipindi kimoja tu, na kiwe cha kawaida. Wengi huanza na darasa linalowasumbua zaidi, na hapo ndipo zoezi hufia. Mwili ujifunze kwanza wakati wa utulivu, ndipo utakumbuka wakati wa joto.

Hasira inapopanda katikati ya somo

Mwanafunzi amekujibu kwa dharau, darasa zima linakutazama. Dalili hutangulia neno: uso kupata joto, sauti kupanda, vidole kukaza chaki. Jifunze yako ni ipi, kwa kuwa ndiyo kengele yako. Ukiihisi, nyamaza. Sikia nyayo sakafuni, toa pumzi moja ndefu, na ulitaje jambo kimoyomoyo: "Hii ni hasira." Halafu sema kwa sauti ya chini kuliko ya kawaida, sentensi fupi: "Kaa. Tutaongea baada ya kipindi."

Sekunde tano za kimya zitakuelemea wewe zaidi kuliko wanafunzi. Usizijaze kwa maneno. Wala usifumbe macho mbele ya darasa. Na tusilichanganye hili na kumeza hasira. Ulichokiahirisha kitimize: baada ya kipindi muite mwanafunzi, sema alichofanya, sikiliza, amueni. Hasira inayoahirishwa bila kutatuliwa hurudi kesho ikiwa kubwa zaidi.

Sauti, madaftari na usingizi

Koo ni chombo cha kazi. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, na badala ya kujikohoza meza mate. Sauti ikikauka usinong'one kwa nguvu, kwani hilo nalo huchosha nyuzi za sauti. Punguza kusema, piga makofi kuita usikivu, wape kazi ya vikundi. Ubao wa chaki ufute kwa kitambaa kibichi. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, mwone daktari.

Madaftari yagawe mafungu ya kumi kumi. Sahihisha dakika 25, inuka 5, tazama mbali nje ya dirisha. Amua mapema kosa gani utalisahihisha leo. Kukagua kila koma katika kila insha hula jioni nzima, na mwanafunzi hasomi maelezo yote hayo. Usisahihishie kitandani. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi, na takriban nusu ya kafeini ya kikombe cha kahawa huwa bado mwilini saa tano baadaye, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana.

Kabla ya kuondoka, andika kazi tatu za kesho kwenye karatasi na uiache mezani shuleni. Ukivuka lango, hesabu hatua 20 ukisikia kila unyayo unavyogusa ardhi.

Pumzi isipotosheleza

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi uliopitiliza kuwa hali inayotokana na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa vizuri: nguvu kuisha, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi lolote la maana. Basi darasa lililofurika halipungui kwa kupumua. Andika kwa wiki moja saa zako za kufundisha, kusahihisha, zamu na vikao, kisha mpelekee mwalimu mkuu hesabu hiyo pamoja na ombi moja mahususi, kwa mfano kupunguziwa zamu moja.

Kwa aliyepitia ukatili au ajali, kufumba macho na kufuata pumzi huweza kuamsha hofu. Afumbue macho, atazame kitu kimoja chumbani, au asikie nyayo tu. Na huzuni au kukosa usingizi kukifika wiki mbili, nenda kwa mtaalamu wa afya bila kungoja likizo. Wazo la kujidhuru likija, nenda siku hiyo hiyo.