Haidrojeni kutoka kinyesi cha ng'ombe, mpaka feni izunguke

Wengi wanaojaribu hili huishia na gesi ya samadi, ile ya kupikia. Kinyesi kina bakteria wanaotoa haidrojeni, ila kina pia vijidudu vinavyoila papo hapo na kutoa methani. Hivyo vya pili ndivyo vya kuondoa. Feni itaendeshwa na seli ya mafuta, kifaa chenye platini kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme.

1. Koroga kikombe cha kinyesi kibichi kwenye lita moja na nusu ya maji, chuja kwa kitambaa, kisha chemsha dakika 30. Usihofu kuua kila kitu: jamii ya Clostridium, ndio bakteria wanaotoa haidrojeni, hujifungia ndani ya spora (maganda magumu) zinazostahimili moto, ila vile vijidudu vinavyokula haidrojeni havina kinga hiyo. Mara ya kwanza nilipasha tu mpaka mvuke ukaonekana, nikaridhika. Gesi ilijaa chupa nzima, feni haikutikisika.

2. Ikibaki vuguvugu, mimina kwenye chupa ya lita 1.5 karibu ijae, kwa kuwa oksijeni huwazuia bakteria hao. Tia vijiko vitatu vya chai vya sukari na kimoja cha bikabonati ya soda. Toboa kifuniko, pitisha mpira wa dripu, ziba kwa gundi ya epoksi. Puto la kukusanyia gesi achana nalo. Haidrojeni hupenya, asubuhi utalikuta limenywea.

3. Weka penye nyuzi 35 hadi 37. Ncha ya mpira iingie kwenye chupa iliyojaa maji, imepinduliwa ndani ya beseni. Mapovu ya kwanza ni hewa, yaache yapotee. Ukisikia harufu ya siagi iliyochacha, furahi: bakteria wanafanya kazi. Mapovu yakikatika mapema, pima pH. Ikiwa chini ya 5, ongeza bikabonati.

4. Hapa vaa glavu na miwani. Gesi hiyo ina kaboni dioksaidi nyingi, na salfa inayoharibu platini ya seli. Vuta ml 50 kwa bomba la sindano la ml 60, kisha vuta ml 10 za maji ya kostiki soda, ziba ncha, tikisa. Pistoni itajivuta yenyewe kuingia ndani: kaboni hiyo inamezwa. Elekeza ncha chini, toa kostiki, suuza hivyo hivyo kwa maji safi.

5. Sukuma gesi polepole kwenye seli ya mafuta, ile ndogo ya kufundishia. Moto usiwe karibu: haidrojeni hulipuka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa. Bila mzigo mita husoma kama volti 0.9, feni ikianza, hushuka hadi 0.6 au 0.7. Kimahesabu, ml 30 zatosha ampea 0.1 kwa dakika 40. Feni yangu ilizunguka dakika 11; kiungio cha mpira kilikuwa kinavuja.