Namna ya Kufungua Tangi la Vepu Lililoganda

Tangi la vepu, yaani kile chombo cha majimaji kinachofungwa juu ya kifaa cha sigara ya kielektroniki, likikataa kufunguka, jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuongeza nguvu, na nguvu hiyo huishia pasipotakiwa: kioo hupasuka mkononi, au kifuniko cha juu hufunguka na kumwaga majimaji yote juu ya kifaa, huku kitako cha tangi kikiwa palepale kilipong'ang'ania.

Matangi mengi ya kuzungusha hufungwa kwa kiungo kinachoitwa 510, ambacho meno yake ya skrubu yana kipenyo cha milimita 7, na jino moja liko nusu milimita tu kutoka kwa jingine. Meno membamba kiasi hicho hayahitaji kisa kikubwa ili yagande. Majimaji ya vepu yana gliserini na propilini glaikoli, na yakichuruzika hadi kwenye meno na kukaa humo kwa muda hunata kama sharubati iliyokaukia kwenye kijiko. Wakati mwingine kosa ni letu wenyewe, kwa kuwa tunakaza kupita kiasi tukihofia tangi litavuja, ilhali kinachozuia uvujaji ni mipira midogo iliyomo ndani ya tangi, si jinsi lilivyokazwa kwenye kifaa. Hali iliyo mbaya kuliko zote ni tangi lililofungwa mshazari, meno yakapandana na kuumana.

Kabla ya kuanza, zima kifaa, ambacho kwa aina nyingi huzimika kwa kubonyeza kitufe mara tano mfululizo, kisha toa betri ikiwa inatoka. Tangi likiwa na majimaji, yapunguze kupitia tundu la kujazia na uvae glavu, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi.

Sasa litazame tangi kwa karibu, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Utaona mistari miwili, mitatu au hata minne myembamba inayolizunguka: mmoja chini ya kifuniko, mwingine pale kioo kinapokutana na kitako, na wa mwisho kabisa, mwembamba kama unywele, pale kitako kinapokalia kifaa. Kwa kawaida viungo hivyo vyote hufunguka kwa upande uleule, kinyume cha mwendo wa mshale wa saa, kwa hiyo ukilishika tangi katikati, kitakachoachia kwanza ni kiungo kilicholegea zaidi, wala si kile unachokitaka. Vidole vishike pete ya chuma iliyo chini kabisa, hata kama ni nyembamba kiasi cha kushikika kwa kucha. Mimi niliwahi kulishika tangi kwenye kioo, nikafurahi lilipoanza kuzunguka, na furaha ikakoma majimaji yalipofika kwenye skrini.

Pete hiyo ikiteleza, izungushie mpira wa kufungia noti mara kadhaa, au tumia glavu ya mpira iliyo kavu. Kandamiza tangi kidogo kuelekea kwenye kifaa unapoanza kuzungusha, na uongeze nguvu taratibu badala ya kustusha, kwa kuwa gundi ya gliserini huachia polepole.

Isipoachia, lainisha. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, kisha ukizungushe kwenye kiungo kwa dakika moja hivi na ujaribu tena. Njia hii ifanywe tu kwenye kifaa ambacho betri yake imetolewa. Wapo wanaopendelea kukiweka kifaa kwenye friza, lakini sishauri, kwa sababu kikitoka humo hutoa jasho, na unyevu huo huingia kwenye saketi.

Njia nyingine ni alkoholi ya isopropili. Kipindue kifaa ili tangi liwe chini, halafu kwa kijiti cha pamba gusisha tone moja kwenye ule mstari ambapo kitako kinakalia kifaa. Utaliona likivutwa na kuuzunguka mstari lenyewe. Subiri dakika kumi. Tangi lako likiwa la plastiki, usiiruhusu alkoholi iliguse, kwani baadhi ya plastiki hufanya nyufa, na usirudishe betri mpaka kila kitu kikauke, kwa kuwa alkoholi hushika moto.

Plaizi ni ya mwisho, na midomo yake ivishwe kipande cha ngozi au kitambaa kizito. Ukiona pete ya kifaa chenyewe inazunguka pamoja na tangi, acha mara moja: kiungo kizima kimeng'oka kwenye makazi yake, na kila mzunguko unasokota waya ulio ndani hadi ukatike. Hapo kifaa kinahitaji fundi.

Likishatoka, futa meno ya pande zote mbili kwa pamba yenye alkoholi, kisha utazame pini iliyo katikati ya kiungo. Ikiwa imezama, au ina majimaji yaliyoganda, kifaa hakitalitambua tangi hata ulifunge vizuri namna gani. Unapolirudisha, lizungushe kwanza kinyume mpaka usikie mlio mdogo wa meno kukaa sawa, ndipo ulifunge kwa ncha za vidole viwili na uachie pale linapogota.